Maneno Yaliyovuka Bahari: Lugha za Kibantu na Historia ya Biashara ya Utumwa ya Atlantiki



Biashara ya utumwa katika Bahari ya Atlantiki imezoeleka kuwa uwanja wa wanahistoria. Wao ndio waliotuhesabia safari za meli na watu waliobebwa. Kwa makadirio yao, katika muda wa takriban karne tatu na nusu, watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini katika pwani za Afrika, na wapatao milioni 10.7 ndio waliofika ng'ambo wakiwa hai. Waliosalia waliishia baharini. Jioni ya leo nakusudia kuonyesha kwamba mwanaisimu naye ana ushahidi wa kutoa, na kwamba ushahidi huo unatuhusu sisi wachunguzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

1. Majina ya bandari na majina ya watu

Tuanze na tatizo la kumbukumbu zenyewe. Mfanyabiashara aliyeandika daftari la shehena hakuwa na haja ya kujua mtu anasema lugha gani. Alichokijua ni bandari. Ndiyo maana katika nyaraka za Brazili watu waliofanywa watumwa wanaitwa "Angola", "Benguela", "Mina" au "Moçambique". Haya si majina ya makabila wala ya lugha. "Mina", kwa mfano, limetokana na ngome ya Elmina katika Ghana ya leo. Aliyetoka mbali bara, akasukumwa kwa miguu hadi pwani, alipewa jina la mahali alipouziwa.

Palihitajika mtu wa lugha kuuliza swali jingine. Sigismund Koelle, mmisionari Mjerumani, alifanya kazi Freetown, Sierra Leone, mji ambako watu waliookolewa kutoka katika meli zilizokamatwa na manowari za Uingereza walishushwa. Kitabu chake, Polyglotta Africana, kilichochapishwa London mwaka 1854, kina orodha za maneno na virai karibu 300 katika lugha zaidi ya 100. Koelle hakuishia kwenye msamiati. Aliwauliza wasemaji wake walitoka kijiji gani na walifikaje mikononi mwa wauzaji. Wengi walikuwa wametekwa vitani au kuibwa njiani. Wengine waliuzwa kwa sababu ya deni, kwa hukumu ya baraza, au na jamaa zao wenyewe. Majibu hayo hayatuachii nafasi ya kuisimulia historia hii kana kwamba Mwafrika hakuwa na mkono ndani yake. Wala hayampunguzii lawama mwenye meli, ambaye fedha yake ndiyo iliyofanya vita na wizi wa watu uwe na faida.

Katika orodha za Koelle imo ya Kimeto, lahaja ya Kimakua cha kaskazini mwa Msumbiji. Wamakua ni majirani zetu, na wengine ni wananchi wenzetu katika mkoa wa Mtwara. Msemaji wa lugha hiyo alifikaje Sierra Leone, upande wa pili wa bara? Swali hilo nitalirudia.

2. Sarufi iliyoandikwa kwa ajili ya Brazili

Brazili peke yake ilipokea watu wapatao milioni 4.8, ilhali bara la Amerika ya Kaskazini lilipokea chini ya 400,000. Sehemu kubwa ya waliopelekwa Brazili walitoka Angola na Kongo, nchi za Kibantu. Mwaka 1697 ilichapishwa Lisbon sarufi fupi ya Kimbundu iliyotungwa na Pedro Dias, padri Mjesuiti aliyeishi Bahia. Haikukusudiwa kwa mapadri wa Luanda, bali kwa wale wa Brazili, kwa kuwa waumini wao wengi hawakusema lugha nyingine. Hivyo mojawapo ya sarufi za kwanza za lugha ya Kibantu iliandikwa Amerika, na kilichoilazimisha iandikwe ni utumwa.

Kimbundu kiliacha alama katika Kireno cha Brazili. Kitinda mimba huitwa caçula, kutokana na kasule. Mtoto wa kiume huitwa moleque, kutokana na muleke. Msikilizaji wa Kiswahili hana budi kuvitambua viambishi ka- na mu-. Neno quilombo limetokana na kilombo, kambi ya vita, likaja kumaanisha makazi ya waliotoroka utumwa. Palmares, makazi mashuhuri kuliko yote, yalidumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 hadi yalipoangushwa mwaka 1694. Kiongozi wake, Zumbi, aliuawa tarehe 20 Novemba 1695.

Tazama pia kilichopotea. Wingi wa kilombo katika Kimbundu hupatikana kwa kubadili ki- kuwa i-. Katika Kireno wingi ni quilombos: kiambishi cha ngeli kimeganda kikawa sehemu ya shina, na upatanisho wa kisarufi umekufa. Wazazi walijua kwamba ki- ni kiambishi. Vitukuu vyao hawakujua. Mofimu hii moja inatuonyesha mahali ambapo lugha ilikatika kati ya kizazi na kizazi.

3. Tahadhari

Wanafunzi wangu hupenda kukimbilia mifanano. Neno quitanda la Brazili, yaani duka la mboga na matunda, limewahi kuletwa mbele yangu kama ushahidi kwamba Waswahili walipeleka kitanda chao Amerika. Sivyo. Neno hilo ni la Kimbundu, na huko kitanda ni soko. Sauti zikifanana bila historia ya wasemaji kuthibitishwa, hatuna hoja.

Uzembe wa upande wa pili umeleta madhara makubwa zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu walidai kwamba Kigullah, lugha ya Wamarekani weusi wa pwani ya South Carolina na Georgia, kilikuwa Kiingereza kibovu tu. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi, alikwenda kwa wasemaji, akarekodi, akajifunza lugha za Afrika, na mwaka 1949 akachapisha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika. Waliomtangulia hawakuyasikia kwa sababu hawakuzijua lugha hizo, wala hawakuona haja ya kuzijua.

4. Pwani yetu

Sasa nirudi kwa msemaji wa Kimeto. Tumezoea kugawa historia: Atlantiki ni ya Afrika Magharibi, na ya kwetu ni ya Bahari ya Hindi. Mgawanyo huo una ukweli, lakini si mpaka. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Desemba 1794 meli ya Kireno São José iliyotoka Msumbiji kwenda Brazili ilivunjika karibu na Cape Town. Ilibeba watu zaidi ya 400. Zaidi ya 200 walikufa, na walionusurika wakauzwa hukohuko. Mkataba wa mwaka 1815 ulipowakataza Wareno kufanya biashara hiyo kaskazini mwa Ikweta, wafanyabiashara walizidi kuigeukia Msumbiji. Kwa jumla, zaidi ya watu nusu milioni walichukuliwa kutoka upande huu wa bara kupelekwa ng'ambo ya Atlantiki. Katika madaftari wengi wao waliandikwa "Moçambique". Lugha zao ni kazi inayowasubiri vijana mlio mbele yangu.

5. Hitimisho

Nimalizie kwa neno letu wenyewe. Mtumwa limeundwa kwa kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: ni aliyetumwa. Shina hilohilo limetupa mtume, mtumishi na tumia. Kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtendaji, na tunaposema "watumwa walipelekwa Amerika" tunamficha mara mbili: hatusemi nani aliyewapeleka, na tunasema kana kwamba utumwa ulikuwa asili yao. Msemaji wa Kimeto alikuwa na kijiji, lugha na jina kabla ya kuitwa hivyo. Anayeandika historia hii kwa Kiswahili na aulize kila mara swali ambalo sarufi yenyewe inalidai: ametumwa na nani?