Shahada kwa Mlango wa Ualimu: Historia ya Kugharimia Elimu ya Insia Unguja, kutoka Mtoni hadi Beit el Ras

1.0 Utangulizi

Kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kandokando ya barabara iendayo Bububu, yapo mabaki ya makasri matatu ya watawala wa Kibusaidi. La kwanza ni Maruhubi, lililojengwa na Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880. La pili ni Mtoni, kongwe kuliko yote, ambalo Sayyid Said bin Sultan alilifanya makaazi yake. La tatu ni Beit el Ras, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1847 na ulikuwa haujakamilika Sayyid Said alipofariki mwaka 1856. Hivi leo, jirani na Maruhubi kuna taasisi ya mafunzo ya utalii, na katika eneo la Beit el Ras ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) inayotayarisha walimu. Mtoni imebaki katikati. Kijana wa hapo aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza ana njia mbili zilizo karibu naye: moja inaelekea kwenye hoteli, nyingine inaelekea darasani.

Makala hii inachunguza namna hali hiyo ilivyojengeka. Neno insia linatumika hapa kwa maana ya taaluma za historia, lugha, fasihi, falsafa na dini. Hoja kuu ni kwamba, tangu kuanzishwa kwa skuli za serikali hadi zama za mikopo, elimu ya juu ya insia Unguja imegharimiwa zaidi kama matayarisho ya mwalimu, na kwa nadra sana kama taaluma inayojitegemea. Aliyelipa ndiye aliyeamua elimu hiyo ni ya kazi gani. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala inapitia vipindi vinne: darsa na wakfu, utawala wa Kiingereza, Mapinduzi na Muungano, na hatimaye mikopo.

2.0 Darsa, Wakfu na Kasri la Mtoni

Kabla ya kuwapo kwa skuli za serikali, Unguja ilikuwa na elimu ya juu ya insia iliyofundishwa misikitini na majumbani mwa masheikh. Sarufi ya Kiarabu, fasihi, mantiki, fiqhi na tarehe zilisomwa kwa darsa. Katika kizazi cha mwisho wa karne ya 19 walisifika Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefundisha Ukutani, na Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa pia kadhi. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Wanafunzi wao walitoka Lamu, Ngazija, Barawa na kwingineko katika mwambao.

Elimu hiyo haikuwa na ada kwa maana ya leo. Misikiti ilitegemea mali za wakfu, kama vile nyumba, maduka na mashamba, ambazo mapato yake yalitengwa kwa ajili ya ibada na elimu. Mwanafunzi wa mbali alipata malazi na chakula kwa wenyeji, na masheikh wengi waliishi kwa biashara, ukadhi au kazi za mikono. Maombi ya kujiunga yalikuwa ni kufika, kuamkia na kukubaliwa na sheikh. Hakuna aliyeulizwa atafanya kazi gani baada ya kuhitimu.

Hata hivyo, uwazi huo ulikuwa na mipaka. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kuwa wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa mtawala hakukosa mali, bali alikosa idhini. Kisa hiki kinaonesha kwamba gharama ya elimu haihesabiki kwa fedha peke yake, kwani mwenye mamlaka juu ya mwanafunzi naye ana sehemu katika kuamua nani asome nini.

3.0 Utawala wa Kiingereza: Mwalimu kama Sababu ya Matumizi

Utawala wa Kiingereza ulipoanzisha skuli za serikali mwanzoni mwa karne ya 20, haja yake ya awali ilikuwa makarani na walimu. Mafunzo ya ualimu yalianza katika miaka ya 1920, skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na masomo ya sekondari yakafuata katikati ya miaka ya 1930. Aliyetaka kuendelea zaidi alilazimika kuvuka bahari kwenda Makerere, Uganda, ambako kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 chuo kilitayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nafasi zilikuwa chache, na ufadhili wa serikali ulifungamana na mahitaji ya idara zake. Kwa aliyependa historia au lugha, idara iliyokuwa na sababu ya kumlipia ilikuwa Idara ya Elimu.

Mfano ulio wazi wa kizazi hicho ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982). Alisoma kwa masheikh na pia katika skuli za serikali, akafundisha miaka mingi, akaandika historia ya Sayyid Said na ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, akatafsiri Qurani kwa Kiswahili, na akawa kadhi Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Utafiti wake wa kihistoria haukutokana na nafasi ya chuo kikuu. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, ulitegemea mshahara wa mwalimu na saa za baada ya kazi.

Kipindi hicho hicho kilishuhudia jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Makao ya Kamati yalikuwa Dar es Salaam, yakahamia Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, na mwishowe yakarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 yalizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Katika mzunguko wote huo hayakuwekwa Unguja. Kisiwa kilitoa lugha, lakini taaluma ya lugha hiyo ikajengwa na kugharimiwa kwingine. Mzawa wa Mtoni aliyetaka kuisoma lahaja yake katika ngazi ya chuo kikuu alihitaji nauli ya meli.

4.0 Mapinduzi na Muungano: Elimu Bila Malipo na Deni la Utumishi

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo. Tangazo hilo liliondoa ubaguzi wa wazi katika skuli na likaongeza idadi ya watoto madarasani wakati ambapo walimu wengi walikuwa wameondoka nchini. Haja ya walimu ikawa kubwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Chuo cha ualimu cha Beit el Ras, kilichokuja kujulikana kwa jina la Nkrumah, kilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Elimu ya chuo kikuu nayo ilisogea karibu zaidi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kikaongeza masomo ya sanaa mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Serikali ndiyo iliyolipa, na mwanafunzi alilipa kwa utumishi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwombaji awe amefanya kazi na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa mpenzi wa insia kutoka Unguja, sharti hilo lilikuwa na maana mahususi: mwalimu aliyekuwa kazini alikuwa na mwajiri wa kumpendekeza, ilhali mtunzi au mpenzi wa historia asiye na ajira rasmi hakuwa naye.

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, alipita njia hiyo. Alikuwa mwalimu kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akapata uzamivu Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo Zanzibar ilikuwa na uhusiano nayo tangu mwaka 1964. Hata aliyeondoka nje ya mfumo huu hakuuepuka mlango wenyewe. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akasoma Canterbury, Uingereza, katika chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya mafunzo ya walimu, na akafundisha sekondari kabla ya kupata uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021 ilimfikia mtu ambaye naye aliingia katika insia kupitia ualimu.

5.0 Zama za Mikopo: Nani Anaomba, Nani Anadaiwa

Sera ya uchangiaji wa gharama, iliyotekelezwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1990, ilirudisha suala la ada katika nyumba za wanafunzi. Wakati huohuo vyuo viliongezeka Unguja. Mwaka 1998 vilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, na Chuo cha Elimu, Chukwani. SUZA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ilianza kufundisha mwaka 2001, na baadaye ikaijumuisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI). Hatimaye Kiswahili kiliweza kusomwa kisiwani hadi ngazi ya uzamivu. Umbali wa bahari ulipungua, na kikwazo kilichobaki kikawa ada.

Kwa upande wa fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, ilhali elimu ya chini yake si ya Muungano. Kwa hiyo kijana wa Mtoni husoma skuli chini ya wizara ya Zanzibar, kisha huomba chuo chini ya vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kigezo cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A huhesabiwa 5 na E huhesabiwa 1. Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume, na baada ya hapo mwombaji alirudi kuomba kwenye kila chuo.

Ombi la chuo na ombi la mkopo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo linaloamua zaidi. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini, na uthibitisho wa uhitaji. Juu ya hayo huja swali la fani. Vipaumbele vya mikopo ya Muungano vimeegemea afya, uhandisi, sayansi na ualimu, hasa ualimu wa sayansi na hisabati. Mwanafunzi wa historia isiyo na ualimu huwa nyuma ya foleni. Ulipaji nao unadhani kuwa mhitimu atakuwa na mshahara: marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa wadaiwa wa Bodi ya Muungano. Mfumo wa namna hii unamwelewa vyema mwalimu aliye kwenye orodha ya malipo ya serikali. Mtafiti wa kujitegemea, mhariri au mkusanyaji wa masimulizi hauna pa kumweka. Ndiyo maana maneno "na Elimu" yanayoongezwa kwenye jina la shahada yana uzito mkubwa katika uamuzi wa familia.

6.0 Mjadala

Yaweza kuhojiwa kwamba utaratibu huu ulikuwa wa busara. Serikali yenye kipato kidogo haikosei inapolipia elimu itakayorudi darasani, na bila walimu tangazo la mwaka 1964 lingebaki maneno. Aidha, ualimu haukuua insia. Maisha ya Farsy na Said Ahmed Mohamed yanathibitisha kwamba uliihifadhi.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijitoshelezi. Waliofaulu walifaulu kwa kuongeza utafiti juu ya kazi nyingine, na historia huandika majina ya waliofika, si ya waliochoka njiani. Kuna kazi za insia ambazo ratiba ya skuli haiwezi kuzibeba. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zina maandishi ya Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na kuyasoma kunahitaji mtu aliyefunzwa miaka mingi na anayelipwa kwa kazi hiyo. Magofu ya Mtoni yenyewe yanahitaji mwanahistoria kama yanavyohitaji fundi wa chokaa. Pasipokuwa na mgharimiaji wa kazi hizo nyumbani, zitaendelea kufanywa na wageni wanaofadhiliwa na vyuo vya kwao, kama ilivyokuwa kwa Kiswahili sanifu.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mgharimiaji alibadilika kutoka wakfu hadi koloni, kutoka koloni hadi serikali ya Mapinduzi na ya Muungano, na kutoka hapo hadi bodi za mikopo, lakini tangu zama za skuli za serikali mlango wa kuingilia umebaki mmoja. Mfumo pekee ambao haukumuuliza mwanafunzi wa insia atafanya kazi gani ni ule wa wakfu, nao uliwaacha wanawake nje. Hivyo, zamani hizo haziwezi kurejeshwa zilivyo. Zinathibitisha hata hivyo kwamba jamii ya Unguja iliwahi kutenga mali yake yenyewe kwa ajili ya elimu isiyo na ajira maalumu mwishoni mwake, na kwamba wazo la mfuko wa aina hiyo si geni kisiwani. Kutoka Mtoni hadi Beit el Ras ni mwendo mfupi wa daladala. Kwa muda wa karne moja, wengi walioipenda insia wameufanya mwendo huo ili wawe walimu kwanza. Swali linalobaki kwa watunga sera na watafiti ni iwapo atapatikana wa kumlipia yule atakayeifanya safari hiyo ili awe mwanahistoria.