Popi Hana Makaratasi

Mandazi alifika kwetu Rongai Jumamosi moja jioni akiwa na wiki nane, katoni ya maziwa na bahasha ya kaki. Katoni ilikuwa ya kumbebea. Bahasha ilikuwa ya ukoo wake. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochapishwa vizuri, yenye jina la baba, la mama, la babu na nyanya wa pande zote mbili, vizazi vitatu kwenda nyuma. Mimi ukiniuliza jina la baba ya nyanya yangu nitaanza kukuna kichwa. Huyu hajajua hata kukojoa nje na tayari ana ukoo ulioandikwa.

Popi alikuwa amelala kando ya tangi la maji. Aliinua kichwa, akamtazama mgeni, akakilaza tena.

Popi ni mbwa koko. Ana miaka 11. Baba alimtoa stejini usiku wa mvua, chini ya kibanda cha mama mboga, akaja naye ndani ya koti. Mama yake hajulikani. Karatasi pekee aliyo nayo ni kadi ya chanjo, na mahali pa kuandika aina ya mbwa, daktari aliandika "wa kienyeji" akafunga mjadala. Baba alimfunza mambo machache, lakini moja alilishikilia sana: chakula kikiwekwa, hakiguswi mpaka useme "haya." Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Sisi wengine bado tunalisema hilo neno, manake Popi hukataa kula asipolisikia.

Usiku wa tatu Mandazi aliingiza pua ndani ya sufuria ya Popi. Popi akanguruma, kisha akamfyatukia. Hakumuuma, lakini kelele za yule mdogo ziliamsha ploti nzima. Dada yangu, ambaye ndiye aliyemnunua kwa bei ambayo Mama hajaambiwa mpaka leo, alitoka nje na tochi.

"Akimuuma je? Unajua huyu ni wa pesa ngapi?" Halafu, kwa sauti ya chini, "Si tumpeleke tu huyu mzee ushago. Atapata nafasi."

Nyote tunajua maana ya kumpeleka mbwa wa miaka 11, mwenye nyonga mbovu, ushago ambako hajui mtu. Nilitaka kubishana lakini sikuwa na hoja, nilikuwa na hasira tu. Kwa hivyo nikafanya ninachofanya nikikosa jibu: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua huyu wa pesa ametoka wapi, na huyu wa bure ametoka wapi.

Tuanze na wa pesa. Ritriva ni jina la kazi. Limetoka kwa neno la Kiingereza la kuchukua kitu na kukirudisha. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walipata bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, zilizofyatua upesi kuliko zile za babu zao. Ndege wengi zaidi walipigwa, na wakaangukia mbali zaidi, vichakani na majini. Akahitajika mbwa wa kuogelea hadi pale, amchukue ndege na kumleta bila kumtafuna. Ndiyo sababu Mandazi hutembea siku nzima na ndala ya mtu mdomoni, na ukimnyang'anya unakuta haina hata alama ya jino. Hajafunzwa na mtu. Amezaliwa nayo.

Ritriva wa rangi ya dhahabu alitengenezwa mahali panapoitwa Guisachan, kwenye nyanda za juu za Scotland, na tajiri aitwaye Dudley Marjoribanks, ambaye mwaka 1881 alipewa cheo akawa Lord Tweedmouth. Mwaka 1865, mjini Brighton, alinunua mbwa wa manjano aliyeitwa Nous. Nous alikuwa wa manjano peke yake katika uzao wa weusi watupu. Na aliyemuuza hakuwa lodi wala bwana shamba. Alikuwa fundi viatu, na inasemekana yeye naye alikuwa amepewa huyo mbwa kama malipo ya deni.

Hebu nirudie hapo. Babu wa babu wa hawa mbwa wa bahasha alikuwa mbwa wa fundi viatu, mwenye rangi isiyotakiwa, aliyelipia deni.

Marjoribanks akampeleka Guisachan na kumpandisha kwa Belle, spanieli wa majini kutoka eneo la mto Tweed, aina ambayo leo haipo tena duniani. Mwaka 1868 Belle alizaa watoto wa manjano. Watatu kati yao walipewa majina ya maua ya rangi hiyo hiyo: Crocus, Cowslip na Primrose. Baadaye zikaongezwa damu nyingine: ritriva weusi, seta mwekundu, na spanieli wa Tweed kwa mara nyingine. Kwa Kiswahili cha mtaani, walichanganywa. Tofauti na Popi ni kwamba kila mchanganyiko uliandikwa kwenye daftari, tarehe na jina, kwa zaidi ya miaka 20.

Na hata daftari hilo lilipotea machoni pa watu. Kwa miaka mingi wapenzi wa mbwa hawa waliamini kwamba walitokana na mbwa wa sarakasi kutoka Urusi, ambao eti tajiri huyo aliwaona Brighton akawanunua kundi zima. Hadithi tamu kuliko ya fundi viatu. Ilizimwa mwaka 1952, kumbukumbu za Guisachan zilipochapishwa. Wakati huo chama cha mbwa cha Uingereza kilikuwa kimeshawatambua kama aina ya kipekee tangu 1913. Kwa hivyo kwa karibu miaka 40 mbwa hawa walikuwa na vyeti rasmi na historia ya uongo.

Kitu kingine kilinifanya nisimame. Guisachan iko katika bonde la Strathglass. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Marjoribanks kufika, familia nyingi za bonde hilo ziliondolewa kwenye mashamba ili kupisha kondoo, na wengi wakapanda meli kwenda Kanada. Nyanda za juu zilizobaki tupu zikawa pahali pazuri pa matajiri kuwinda. Yaani kabla ya mbwa wa kuokota ndege kupata nafasi ya kukimbia, kuna watu walipoteza nafasi ya kuishi.

Mkenya akisikia nyanda za juu, watu kuhamishwa, na mabwana wenye bunduki, hahitaji kuelezwa sana. Walowezi walizipa nyanda zetu jina hilo hilo la Kiingereza, wakaongeza neno "nyeupe" mbele. Na walikuja na mbwa wao. Mwendo mfupi tu kutoka hapa Rongai, Karen Blixen, aliyeishi kwenye shamba lake chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, alifuga mbwa wakubwa wa Scotland wa kuwindia paa. Wa kwanza, Dusk, alikuwa zawadi ya harusi. Dusk tunamjua kwa jina, tabia na kifo chake, kwa kuwa aliandikwa kitabuni. Mbwa wa watu waliolima kahawa ya shamba hilo hilo hatuwajui hata mmoja. Sheria za wanyamapori za wakati huo zilimfanya Mwafrika aliyewinda na mbwa wake kuwa jangili, na mzungu aliyefanya vivyo hivyo kwa leseni kuwa mwanamichezo.

Kusini mwa bara mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika nchi inayoitwa Namibia leo, serikali ya Afrika Kusini iliwatoza Wabondelswarts kodi ya mbwa iliyowashinda kulipa. Walikuwa wafugaji na wawindaji. Bila mbwa hakuna mifugo wala nyama, na ndiyo ilikuwa shabaha: mtu akishindwa kujilisha, ataomba kazi kwa mzungu. Mwaka 1922 waliasi. Serikali ikatuma wanajeshi na ndege za kuangusha mabomu, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kodi ya mbwa haikuwa sababu pekee, lakini ndiyo inayotajwa kwanza hadi leo. Kwa hivyo mbwa wa Mwafrika aliandikwa, naam, lakini aliandikwa kama deni.

Sasa twende kwa wa bure. Tumezoea kufikiri koko ni takataka ya mbwa wengine: mbwa wa mzungu alitoroka, akakutana na mwingine, basi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima jeni za mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao hawakuwa mabaki ya mbwa wa kizungu hata kidogo. Walikuwa na asili yao wenyewe ya Kiafrika, iliyokaa hapa zamani kabla ya chama chochote cha kutoa vyeti. Kilichonichekesha ni kwamba aina mbili maarufu zinazouzwa kwa sifa ya kuwa za Kiafrika, mbwa wa Farao na ridgeback wa Rhodesia, zilionekana kuwa na asili kubwa ya nje. Aliye na cheti cha Uafrika alikuwa mgeni, na asiye na cheti alikuwa mwenyeji.

Sisemi Popi ni mmoja wao. Nairobi ni mji, na damu zimepishana hapa kama matatu. Lakini neno "koko" halikuwahi kuwa habari kuhusu mbwa. Lilikuwa habari kuhusu nani alikuwa na kalamu.

Nisije nikadharau karatasi zote, ile kadi ya chanjo ya Popi nayo ina historia. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne imepita na bado kinaua, hasa watoto wa mashambani. Serikali iliweka lengo la kukimaliza kufikia 2030, na njia yenyewe si siri: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, wakiwemo hawa wasio na ukoo. Virusi havisomi bahasha ya kaki. Kati ya karatasi mbili zilizo nyumbani kwetu, inayomlinda mtoto wa jirani ni ile ya Popi.

Jumapili nilimpigia daktari wa mifugo. Akanigombeza kidogo. "Mzee ananguruma, mnamkemea?" Nikakubali. Akasema kunguruma ni lugha. Mbwa mnayemkataza kunguruma atajifunza kuuma bila kutoa onyo. Tuwalishe mbali mbali. Tuwatembeze pamoja pahali ambapo si pa yeyote, mdogo akishamaliza chanjo. Mzee apate kona ambayo mdogo hafiki, na apate nusu saa yake na sisi kila siku, bila mtoto kumpanda kichwani. "Huyo mzee ndiye mwalimu," alisema. "Mkimtoa, nani atamfunza huyo mtoto kuwa mbwa?"

Nilimpelekea dada hayo yote jikoni: fundi viatu, Strathglass, mbwa 318. Alisikiliza akikata sukumawiki. Kisha akasema, "Sawa, lakini historia hailipi daktari. Nyonga za Popi ni pesa, na Mandazi ni pesa. Mshahara ni wangu." Hapo alikuwa na haki, na sikuwa na jibu.

Mama, ambaye nilidhani hasikii, aliweka kikombe chini. "Hiyo karatasi yako ya mbwa ina majina mangapi?"

"Kumi na manne," dada akasema.

"La baba yenu limo?"

Dada hakujibu. Aliendelea kukata mboga mpaka zikawa laini kuliko inavyohitajika. Suala la ushago halikurudi. Mwisho wa mwezi nilianza kuchangia pesa za daktari, manake maneno bila mkono mfukoni ni kelele.

Sasa ni miezi minne. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Popi hajapona, nyonga ni zile zile, na asubuhi za baridi humchukua muda kusimama. Lakini huzunguka ua mara mbili kwa siku kwa sababu kuna mtu anayemfuata nyuma. Mandazi akizidisha, Popi humwekea mdomo shingoni bila kubana, na mdogo huketi.

Wiki iliyopita niliweka sufuria mbili, moja kila upande wa ua, kama daktari alivyosema. Simu ikaita, nikajibu, nikasahau. Nilipogeuka Popi alikuwa amesimama mbele ya chakula chake, anangoja. Upande wa pili, Mandazi naye alikuwa ameketi mbele ya chake, mate yanamtiririka, macho kwa Popi. Hakuna aliyemfunza hivyo. Hajawahi kumwona Baba.

Nikasema, "Haya."

Usiku huo nilinunua daftari la kurasa 32 pale dukani. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Popi. Dume. Kahawia, kifua cheupe. Alipatikana stejini Rongai, usiku wa mvua, na Baba. Mama yake hajulikani. Hapo chini nikaongeza: amemfunza Mandazi kungoja.