Kipimo cha Kijana Baada ya Saa za Darasa: Kutoka Jando la Ukaguru hadi Klabu za Jioni

Kabla ya shule kufika katika nchi ya Wakaguru na Wasagara, wilaya ya Kilosa ya leo, malezi ya kijana yalikuwa na wakati wake, mahali pake na kipimo chake. Mvulana wa Kikaguru alitahiriwa porini, akakaa kambini hadi apone, akifundishwa nyimbo na mafumbo ya utu uzima. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliziandikia mila hizo kitabu kizima mwaka 1997. Mafunzo na kipimo vilikuwa kitu kimoja: fumbo lilifundishwa, jibu likasikilizwa na wazee walewale.

Karibu mwaka 1880 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga kituo Mamboya, huko Ukaguru. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, kisha Kilosa, na mkonge ukatanda Kimamba na Rudewa. Chini ya Waingereza, mtihani wa darasa la nne ukawa mlango mwembamba wa kuendelea na masomo. Aliyotenda mtoto baada ya kengele ya mwisho hayakuwa na alama.

Uhuru ulijaribu kulirekebisha hilo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, iliingiza shamba la shule katika elimu yenyewe. Baraza la Mitihani liliundwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma la chama cha TANU likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani. Huko ndiko linakotoka jedwali la tabia na mwenendo ambalo wazazi wengi wamelisoma kwenye ripoti ya shule: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, uongozi, usafi, uaminifu, kila kimoja na herufi yake. Wazo lilikuwa jema. Lakini baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977 madarasa yalifurika, na mwalimu wa watoto wengi hawezi kumjua kila mmoja kiasi cha kumpa herufi ya haki kwa uaminifu.

Mikumi, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, iliyopata hifadhi yake ya taifa mwaka 1964 na kukua kando ya barabara ya kwenda Zambia, iliingia zama za klabu kwa sababu zake yenyewe. Vilabu vya Malihai vya miaka ya 1980 vililenga watoto wanaoishi jirani na wanyamapori. Mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall akaanzisha klabu za vijana za Roots & Shoots Dar es Salaam. Wafadhili wakaongezeka, na taarifa nyingi zikajaa idadi: wanachama wangapi, mikutano mingapi, miti mingapi. Idadi hiyo ina kazi yake, ila haisemi kama miti ilishika wala kama mtoto alibadilika.

Somo zito kuliko yote lilitoka kwa BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh. Shirika hilo lilifungua klabu za wasichana Uganda na Tanzania, penye stadi za maisha na ufundi kwa pamoja. Uganda, watafiti walilinganisha jamii 100 zenye klabu na 50 zisizo nazo: baada ya miaka minne, mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa takriban theluthi. Tathmini ya Tanzania, iliyotoka mwaka 2017, haikuona badiliko la maana katika mengi yaliyopimwa. Watafiti walipochunguza uendeshaji wenyewe, walikuta ufinyu wa rasilimali na utekelezaji dhaifu. Jina na mtaala vilikuwa vilevile; kilichotofautiana ni kile msichana alichokikuta alipofika.

Wakati huohuo, tathmini ya Uwezo, tangu mwaka 2010, ilikuwa inawapima watoto kusoma na kuhesabu majumbani mwao. Mwaka 2022 mradi wa ALiVE ukapima stadi za maisha za vijana wa miaka 13 hadi 17 Tanzania, Kenya na Uganda. Kupima stadi ya ushirikiano, uliwapa kazi ya pamoja huku wapimaji wakitazama. Nauona ni hatua kubwa. Hata hivyo, zana hiyo humwangalia kijana. Haikagui klabu aliyotoka. Kwa klabu ya Kilosa au Mikumi bado anahitajika mtu wa kukaa ndani ya kikao tangu mwanzo hadi mwisho, aone mlezi amefika saa ngapi, nani amepewa nafasi ya kusema, na nani ameondoka kabla ya wenzake.