Dini Mlangoni, Lugha Darasani: Wazazi Wakristo wa Rohero na Uchaguzi wa Shule Tangu Enzi ya Misheni

Utangulizi

Katika mijadala ya sera za elimu Afrika Mashariki, uchaguzi wa shule hufafanuliwa mara nyingi kwa mambo mawili: imani ya mzazi na uwezo wake wa kulipa ada. Ufafanuzi huo una ukweli, lakini hautoshi kueleza historia ya Rohero, mtaa ulio katikati ya Bujumbura, lilipo Kanisa Kuu la Regina Mundi. Humo na katika mitaa ya jirani, shule nyingi zenye sifa zilianzishwa au kulelewa na makanisa. Pale ambapo imani ni ya wote, haiwezi peke yake kueleza kwa nini mzazi ampeleke mwanawe shule hii na aiache ile.

Makala haya yanatetea hoja kwamba wazazi Wakristo wa Rohero wamekuwa wakijiuliza maswali matatu: shule itamlea mtoto katika imani gani, itamfundisha kwa lugha gani, na je, atakuwa salama? Swali la kwanza na la tatu yalipanda na kushuka kulingana na nyakati. Swali la lugha halikutoka, na jibu lake halikubadilika sana: Kirundi cha kuanzia, Kifaransa cha kupandia. Kiswahili hakikuwamo katika jibu hilo. Sababu yake haikuwa mafundisho ya dini, bali namna makazi na shule vilivyopangwa tangu mwanzo. Jambo hili lina uzito leo kwa kuwa Kiswahili kimo katika mtalaa wa shule za msingi za Burundi, na mafanikio yake yanategemea wazazi ambao historia haikuwazoesha kukiona kama lugha ya shule.

Misheni za milimani na lugha ya ziwani

Wamisionari wa Afrika, wajulikanao zaidi kama Mapadri Weupe, walijaribu kwanza kuweka makazi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Jaribio hilo lilikoma mwaka 1881 baada ya watu watatu wa misheni kuuawa. Waliporudi nchini walielekea bara: Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Tangu hapo Ukristo wa Burundi ulikua ukiwa dini ya milimani, huku mwambao wa ziwa ukibaki mahali pa wafanyabiashara, askari na Waislamu waliokuwa na uhusiano na Ujiji na pwani. Milimani watu walizungumza Kirundi. Mwambaoni Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya boma.

Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika kazi zake, kama ulivyofanya kwingineko katika koloni lake la Afrika Mashariki. Mapadri hawakupendezwa na jambo hilo. Kwao Kiswahili kiliambatana na Uislamu, na Kirundi, lugha moja iliyoeleweka nchi nzima, kilitosha kwa katekisimu na kwa kusoma na kuandika. Wabelgiji waliotwaa nchi mwaka 1916 waliiacha elimu mikononi mwa misheni, na kwa hiyo chaguo la mapadri likawa chaguo la nchi. Vikariati ya Urundi ilipoundwa mwaka 1922 chini ya Askofu Julien Gorju, mwelekeo huo uliimarika. Katika miaka ya 1930 watu wengi, wakiwamo machifu, waliingia Kanisani kwa wingi usio na mfano, na kwa wengi wao kubatizwa na kujifunza kusoma vilikuwa hatua za njia moja.

Waprotestanti waliofuata hawakuenda kinyume. Wabaptisti wa Denmark walianza Musema mwaka 1928; Wakweka wa Marekani walifika Kibimba katikati ya miaka ya 1930, na Waanglikana wakaanza Buhiga na Matana wakati huohuo. Walitofautiana na Wakatoliki kwa mengi, lakini nao pia walipanda milimani na kufundisha kwa Kirundi.

Isidhaniwe kwamba Ukristo kwa asili yake ulikikataa Kiswahili. Huko Zanzibar, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifundisha vijana wake Kiungani, na Askofu Edward Steere alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika sarufi na kutafsiri maandiko kwa Kiswahili. Mapadri Weupe wenyewe walikitumia Kiswahili ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Shirika lilelile, dini ileile, ziwa lilelile. Kilichotofautiana ni lugha ambayo kila misheni iliikuta kwa majirani zake na hesabu yake ya nani aongoke kwanza.

Rohero ya Wazungu na mwanzo wa uchaguzi

Mji wa Usumbura, ndio Bujumbura ya leo, uligawanywa kwa misingi ya rangi. Rohero ilikuwa sehemu ya Wazungu. Waafrika waliwekwa Buyenzi, iliyojulikana kuwa ya Waswahili, na katika mtaa wa Belge, ambao leo unaitwa Bwiza. Umbali kati ya Rohero na Buyenzi unatembeleka kwa miguu, lakini kwa upande wa elimu ulikuwa mrefu. Familia za Kiislamu za Buyenzi zilihofia kwamba shule ya misheni ingewabatiza watoto wao, na nyingi zilibaki na madrasa. Hivyo lugha iliyozungumzwa na wakazi wengi wa mji huo ikawa lugha ya watu waliokuwa nje ya mfumo wa shule.

Kwa mzazi Mkristo wa wakati huo, neno kuchagua halikuwa na maana kubwa. Shule ilikuwa ile ya misheni iliyo karibu. Kijana mwenye bahati, hasa mtoto wa chifu, alipelekwa Astrida nchini Rwanda, ambako Mabruda wa Upendo walianzisha mwaka 1929 chuo cha kuwaandaa watumishi wa Ruanda-Urundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wajesuiti wakaanzisha Usumbura Kolegi ya Roho Mtakatifu, iliyopokea vijana wa rangi mbalimbali na ambayo majengo yake ya Kiriri, juu ya Rohero, baadaye yalikuja kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi.

Uchaguzi wa kweli ulianza mwaka 1954, Auguste Buisseret alipokuwa Waziri wa Makoloni wa Ubelgiji. Yeye alikuwa Mliberali, na alitaka Serikali iwe na shule zake zisizoongozwa na kanisa. Athénée ya Usumbura ilitokana na sera hiyo. Kwa mara ya kwanza mzazi wa mjini angeweza kumwondoa mtoto kwa mapadri bila kumwondoa shuleni. Maaskofu walipinga vikali, na mgogoro wa shule uliokuwa ukitokota Ubelgiji ukahamia makoloni.

Mgogoro huo una funzo ambalo halijapewa uzito wa kutosha. Pande mbili zilibishana juu ya sala, maadili na fedha za ruzuku. Hazikubishana juu ya lugha. Kolegi ya Wajesuiti na Athénée ya Serikali zote zilifundisha kwa Kifaransa. Mzazi aliyechagua kati yake alikuwa na uhuru wa kuamua juu ya dini, ilhali suala la lugha lilikuwa limekwishaamuliwa.

Nyakati za hofu

Baada ya uhuru wa 1 Julai 1962, Warundi wenye nyadhifa na wafanyabiashara waliingia katika nyumba za Rohero, na shule zilizokuwa za watoto wa Wazungu zikawa za watoto wao. Haikupita muda mrefu kabla swali la usalama halijatangulia mengine yote. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Wahutu waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu na wanafunzi waliochukuliwa mashuleni. Kwa familia nyingi, kumsomesha mtoto kukawa sawa na kumweka mahali anapoonekana na kuhesabiwa. Wengine walikimbilia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa Wakristo. Kwa njia hiyo kilizaliwa kizazi cha Warundi Wakristo ambao Kiswahili kwao hakikuwa lugha ya Buyenzi, bali lugha ya darasani na ya kanisani.

Mwaka 1973 Serikali iliamua Kirundi kiwe lugha ya kufundishia katika shule ya msingi. Nia ilikuwa kuifanya elimu iwe ya nchi. Hata hivyo Kifaransa kilibaki ufunguo wa sekondari, chuo kikuu na ajira, na mzazi wa mjini aliyelijua hilo alitafuta shule ambayo Kifaransa kilianza mapema na kufundishwa vyema. Sera iliyokusudia kusawazisha iliongeza thamani ya shule chache zilizoweza kuukwepa usawa huo.

Chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza (1976–1987), Serikali iligombana na Kanisa Katoliki waziwazi. Wamisionari wengi walifukuzwa, na mwaka 1986 seminari ndogo zilitwaliwa na Serikali. Yaga Mukama, madarasa ya parokia yaliyowafundisha watoto wa vijijini katekisimu pamoja na kusoma kwa Kirundi, yalipigwa marufuku. Mzazi Mkristo wa Rohero bado aliweza kupata shule nzuri. Mzazi wa mlimani alipoteza ile pekee iliyompokea mwanawe bila masharti. Baada ya 1987 kanisa lilirudishiwa nafasi yake, zikaja shule zinazoendeshwa na makanisa kwa makubaliano na Serikali, na shule za binafsi zikaongezeka.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilionyesha kwamba hata jina la kanisa halikuwa ngao. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba, iliyoanzishwa na Wakweka, walichomwa moto. Tarehe 30 Aprili 1997 waseminari 40 wa Buta waliuawa walipokataa kujitenga kwa makabila. Katika miaka hiyohiyo, mitaa mingi ya Bujumbura ilipotenganishwa kwa damu, Buyenzi iliendelea kukaliwa na Wahutu na Watutsi pamoja. Mtaa ambao shule za Rohero ziliuacha nje ndio uliokuwa na lugha ya ujirani.

Lugha nne katika ratiba moja

Mwaka 2005 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila ada. Madarasa yalifurika, na wazazi wenye uwezo wakazidi kutafuta shule za binafsi na za makanisa zenye wanafunzi wachache. Wakati huohuo Burundi ilijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilijiunga nayo mwaka 2007, na Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa shule ya msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ikakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Kwa wazazi wa Rohero lugha hizi mbili mpya hazikuingia na heshima sawa. Kiingereza kiliingia kikiwa na cheo: vyuo vikuu, mashirika ya kimataifa, safari. Kiswahili kiliingia kikiwa na historia ya miaka mia moja ya kuachwa sokoni. Mzazi hulipia kile anachoamini mtoto hawezi kukipata bure, na Kiswahili katika mji wa Bujumbura mtoto hukipata barabarani. Hoja hiyo ina kasoro, kwa kuwa Kiswahili cha barabarani hakimpi mtu uwezo wa kuandika ripoti Arusha wala kufundisha Kigoma. Lakini ni hoja ya mzazi mwenye akili timamu, na haiondolewi kwa waraka wa wizara.

Pigo kubwa zaidi liliwapata waliorejea kutoka Tanzania. Mtoto aliyekuwa amesoma miaka kadhaa kwa Kiswahili alirudi nchini na kukuta mtihani uko katika lugha asiyoijua. Elimu aliyokuwa nayo haikupungua. Iligeuka kuwa kitu ambacho shule ya nyumbani haikuwa na njia ya kukipima.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mgawanyo wa makazi ulikitenga Kiswahili na shule za Kikristo, na kwamba mgawanyo huo umekwisha kubadilika. Tangu muongo uliopita Rohero na Buyenzi zimo katika komini moja ya Mukaza. Makanisa kadhaa ya Bujumbura yana ibada za Kiswahili. Waliosomea Ulyankulu na Katumba wamo miongoni mwa waumini. Kilichosalia ni sifa ya zamani, ambayo wazazi waliirithi bila kuichagua.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, sera ya Kiswahili ianzie katika shule ambazo wazazi Wakristo tayari wanaziamini, kwa mazungumzo na makanisa yanayoziendesha. Kwa upande wa Wakatoliki, mkataba wa mwaka 2012 kati ya Burundi na Kiti Kitakatifu umekwisha kuweka msingi wa mazungumzo ya aina hiyo. Pili, Warundi waliosoma kwa Kiswahili Tanzania wapewe njia ya kupimwa na kufuzu wawe walimu wa somo hilo, ili ujuzi wao uhesabike. Tatu, Kiswahili kitahiniwe kwa uzito unaolingana na ule wa lugha nyingine. Mzazi wa Rohero, kama wazazi wa kizazi cha Astrida kabla yake, husoma sera ya lugha katika karatasi ya mtihani. Hadi Kiswahili kitakapokuwa na uzito katika karatasi hiyo, kitabaki katika ratiba tu.