Vifo vya Hola
Tangu Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa hoja ya kuhifadhi amani, maelfu ya watu walitiwa kizuizini pasipo kufikishwa mbele ya hakimu. Huko Hola, kando ya mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, mahabusi waliokataa kazi ya shuruti walipigwa marungu hata 11 wakafariki; na taarifa ya serikali, dhuluma juu ya dhuluma, ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulidhihirisha majeraha. Bungeni London, Enoch Powell, mtu wa chama tawala chenyewe, alishikilia kwamba haki ya Afrika haiwezi kupungua ile ya Uingereza. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.