Mshabiki wa Asia huchaguaje timu? Njia tano, na bei ya kila moja

Juzi barazani, baada ya Isha, kijana mmoja alikuwa akitazama simu yake. Uwanja umejaa pomoni, watu wamevaa jezi nyekundu, wanaimba wimbo wa Liverpool kwa Kiingereza chenye lafudhi ya mbali. Ilikuwa Singapore. Akacheka. "Ami, hawa nao Liverpool inawahusu nini? Hata Uingereza hawajafika."

Nikamtazama kijana mwenyewe. Amevaa jezi ya Arsenal, na Uingereza hajafika pia. Wazee wakacheka, tukanywa kahawa, yakaisha. Lakini swali lilibaki nami, nikaona afadhali nilijibu kwa utaratibu. Mtu wa Asia, aliye maelfu ya kilomita kutoka Ulaya, anachaguaje timu ya kushabikia? Ukichunguza utaona kuna njia kama tano, na ndani ya hizo tutajiona na sisi wenyewe.

1. Timu ya kuzaliwa nayo

Wengi hudhani mshabiki wa Asia ni wa televisheni tu. Mwenye dhana hiyo na aende Kolkata, India. Klabu ya Mohun Bagan ilianzishwa huko 1889, Mohammedan Sporting 1891, na East Bengal 1920. Mbili za mwanzo ni kongwe kuliko timu nyingi za Ulaya tunazozililia usiku.

Mwaka 1911 Mohun Bagan iliifunga timu ya jeshi la Waingereza, East Yorkshire Regiment, mabao 2-1 katika fainali ya IFA Shield. Karibu wachezaji wote wa Mohun Bagan walicheza miguu mitupu, na wenzao walikuwa na viatu. India ilikuwa chini ya ukoloni, kwa hivyo ushindi ule ulikuwa zaidi ya mpira.

Mohammedan Sporting nayo ilichukua ligi ya Kolkata miaka mitano mfululizo, 1934 hadi 1938, ikiwa klabu ya kwanza ya Wahindi kulitwaa kombe hilo. Kwa Waislamu wa Bengal wa wakati huo, timu hii ilikuwa fahari yao mbele ya Mwingereza na mbele ya jirani.

Kisha likaja gawio la 1947. Bengal ikakatwa vipande viwili, na wakimbizi wakamiminika Kolkata kutoka upande wa mashariki, ambao leo ni Bangladesh. Wakimbizi hao wakaikumbatia East Bengal, kwa kuwa jina lake lilikuwa jina la nyumbani walikofukuzwa. Wenyeji wakabaki na Mohun Bagan. Hadi leo hata kitoweo kinatambulisha timu. Wa Mohun Bagan husherehekea kwa kamba, wa East Bengal kwa samaki aitwaye hilsa. Mwaka 1997 timu hizi zilipokutana katika uwanja wa Salt Lake, walihesabiwa watazamaji zaidi ya laki moja na thelathini elfu.

Hapo hakuna kuchagua. Mtoto huikuta timu nyumbani kama alivyolikuta jina la babu yake. Lakini mapenzi ya aina hii yana bei. Tarehe 16 Agosti 1980, vurugu za mashabiki wa timu hizi mbili katika uwanja wa Eden Gardens ziliua watu 16.

Yana heri yake pia. Agosti 2024 daktari mwanamke alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali mjini humo, na jiji zima likafadhaika. Mechi ya watani ikafutwa kwa sababu za usalama. Mashabiki wa Mohun Bagan, East Bengal na Mohammedan walitoka pamoja nje ya uwanja, kila mmoja na jezi yake, wakidai haki kwa yule marehemu. Polisi wakawatawanya kwa virungu. Watu ambao kwa miaka mia moja hawakukubaliana juu ya chochote walikubaliana siku hiyo.

2. Timu ya televisheni

Njia ya pili ndiyo iliyomchekesha yule kijana. Malaysia na Singapore zilitawaliwa na Waingereza, na mpira wa Uingereza ukaingia pamoja na shule, magazeti na baadaye televisheni. Liverpool ndiyo iliyokuwa ikitamba miaka ya 1970 na 1980, kwa hivyo aliyekuwa mtoto wakati huo akawa wa Liverpool. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza 1992, Manchester United ikashika usukani, na kizazi kilichofuata kikawa cha United. Huko Indonesia, miaka ya 1990 ilionyeshwa sana ligi ya Italia, na ndiyo maana hadi leo AC Milan, Inter na Juventus zina mashabiki tele Jakarta.

Ukimjua mshabiki wa Asia ana umri gani, mara nyingi unaweza kukisia timu yake. Aliipenda ile iliyokuwa ikishinda alipokuwa na miaka minane au kumi. Huku kwetu si tofauti. Hesabu vijana wa Arsenal mtaani kwako, kisha uulize walizaliwa lini na Arsenal ilimaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa walipokuwa na umri gani.

Bei ya njia hii ni usingizi. Mechi inayoanza saa tisa alasiri Uingereza, Mombasa tunaiona saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni. Kuala Lumpur ni saa nne au saa tano usiku. Mechi za Ligi ya Mabingwa za majira ya baridi huanza huko saa kumi alfajiri, na Tokyo na Seoul saa kumi na moja. Anayeamka saa hiyo kutazama timu ambayo haijui hata jina lake, kisha akaenda kazini, si haki kumwita shabiki wa bandia.

Wenye ligi wanayajua hayo. Mwaka 2003 walianzisha mashindano ya maandalizi ya msimu huko Asia, ya kwanza yakichezwa Kuala Lumpur. Mwaka 2008 walipendekeza kila timu icheze mechi moja ya ziada ya ligi nje ya Uingereza. Mashabiki wa Uingereza walipinga kwa nguvu na wazo likafa. Hapo ndipo unapouona mvutano wenyewe: pesa za mshabiki wa mbali zinatakiwa, lakini yeye hatakiwi aikaribie mno timu.

3. Timu ya mtoto wa nyumbani

Wajapani na Wakorea wengi hufuata mchezaji. Nakata Hidetoshi alipojiunga na Perugia ya Italia 1998, Wajapani wakaanza kuifuatilia klabu ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Nakamura Shunsuke alipokuwa Celtic ya Scotland, 2005 hadi 2009, jezi za kijani na nyeupe zikaonekana Japani. Park Ji-sung aliwavuta Wakorea hadi Manchester United kuanzia 2005 hadi 2012.

Halafu akaja Son Heung-min. Alikaa Tottenham miaka kumi, 2015 hadi 2025. Msimu wa 2021/22 yeye na Mohamed Salah walifungana kileleni kwa mabao, 23 kila mmoja. Mei 2025, akiwa nahodha, aliinua kombe la Europa baada ya Tottenham kuifunga Manchester United 1-0. Agosti yake aliagwa Seoul, mbele ya watu wake, kabla ya kuhamia Marekani.

Mapenzi haya ni ya heshima, lakini yana tarehe ya mwisho. Mchezaji akihama, je, mshabiki naye ahame? Wengine huhama naye, na wengine hugundua kwamba timu tayari imeshawaingia. Sisi tuliwahi kuwa na McDonald Mariga kule Inter na Victor Wanyama kule Celtic, Southampton na hiyo hiyo Tottenham. Jiulize ni wangapi waliobaki Tottenham Wanyama alipoondoka.

4. Timu ya tajiri wa nyumbani

Mwaka 2010 tajiri wa Thailand, Vichai Srivaddhanaprabha, aliinunua Leicester City. Watawa wa Kibudha wakawa wanakuja kuubariki uwanja. Mwaka 2016 Leicester ikatwaa ubingwa wa Uingereza, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na Bangkok ikafurika rangi ya buluu. Oktoba 2018 Vichai alifariki helikopta yake ilipoanguka nje ya uwanja baada ya mechi, na waliomlilia Leicester walikuwa wengi kama waliomlilia Bangkok.

Si kila tajiri hupendwa hivyo. Vincent Tan wa Malaysia alipoimiliki Cardiff City ya Wales, mwaka 2012 aliibadilisha jezi ya timu kutoka buluu hadi nyekundu, akiamini nyekundu ina bahati na itauzika Asia. Lakini timu ile lakabu yake ni ndege wa buluu. Ilipanda daraja 2013 ikiwa nyekundu, ikashuka mwaka uliofuata, na Januari 2015 Tan akairudisha buluu baada ya malalamiko yasiyokwisha. Alijifunza kwamba timu unaweza kuinunua, lakini kumbukumbu za watu haziuzwi.

5. Timu ya mji uliohamia

Hii inatugusa moja kwa moja. Baada ya sheria ya uhamiaji ya Kenya ya 1967, Wahindi wengi wa nchi hii waliokuwa na pasi za Uingereza walihama, na wengi wakaishia mji huo huo wa Leicester. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije. Wakaja.

Kwa mhamiaji wa miaka hiyo, kwenda uwanjani hakukuwa starehe. Miaka ya 1970 na 1980, makundi ya wabaguzi yalisambaza vijikaratasi kwenye milango ya viwanja, na matusi na vipigo vilikuwa jambo la kawaida. Ndiyo sababu familia nyingi ziliishi karibu na uwanja lakini hazikuingia, na watoto wao wakachagua Liverpool au United za kwenye televisheni. Televisheni haimpigi mtu.

Mambo yamebadilika, ingawa hayajakwisha. Mei 2022 Blackburn Rovers iliwafungulia Waislamu uwanja wake wakaswali Idd juu ya nyasi. Machi 2023 Chelsea ikawaandalia futari uwanjani Stamford Bridge. Na Hamza Choudhury, Mwislamu ambaye mamake ni wa asili ya Bangladesh, alikulia katika akademia ya Leicester, akashinda nayo Kombe la FA 2021, na Machi 2025 akaichezea Bangladesh kwa mara ya kwanza. Mtoto wa Kiasia wa Leicester leo anaweza kuichagua timu ya mji wake bila woga. Baba yake hakuipata nafasi hiyo.

Dini na kifua cha jezi

Kwa mshabiki Mwislamu wa Asia kuna la ziada. Mwaka 2010 baadhi ya wanazuoni wa Malaysia walionya kwamba haifai Mwislamu kuvaa jezi ya Manchester United kwa sababu ya nembo ya shetani, na jezi nyingine kwa sababu ya msalaba. Wengine waliona ni kutia chumvi, wengine wakaafiki.

Kwa maoni yangu, mjadala mkubwa zaidi ulikuwa pale pale kifuani, chini kidogo ya nembo. Jezi nyingi za Uingereza zimekuwa na majina ya kampuni za kamari, nyingi zikilenga soko la Asia. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Kamari imeharamishwa waziwazi katika dini yetu, na tunayaona mitaani hapa madhara yake kwa vijana. Mzazi anayemnunulia mtoto jezi anamnunulia na tangazo. Ni vyema asome kwanza kilichoandikwa.

Basi tumjibu kijana

Je, mshabiki wa mbali ni shabiki kweli? Naam. Mapenzi hayapimwi kwa kilomita. Lakini wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na Asia imetuonyesha kwamba si lazima uchague moja.

Japani ilianzisha ligi yake ya J.League 1993 na kuzifunga klabu na miji yake, na leo mashabiki wa Urawa hujaza uwanja hata kama usiku huo watamtazama Mjapani mwenzao Uingereza. Malaysia ina mashabiki wa Liverpool kila kona, lakini Johor Darul Ta'zim imetwaa ligi ya nchi mfululizo tangu 2014, na watu huenda kuitazama. Pale ambapo klabu ya nyumbani imetunzwa, mshabiki ana mioyo miwili, na hakuna moyo unaoua mwingine.

Pwani yetu iliwahi kuwa na Feisal, mabingwa wa Kenya 1965. Leo tuna Bandari, waliotwaa kombe la shirikisho 2019, na Mbaraki si mbali. Nilimwambia kijana avae Arsenal yake kwa raha zake, na siku Bandari wakicheza nyumbani anipitie twende sote. Amekubali, kwa sharti kwamba tiketi nilipe mimi. Nitalipa.