Baiskeli za Mikono: Wanawake Walioingia Mwisho

Baiskeli za mikono zilipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Athens mwaka 2004, waliojipanga kwenye mstari wa kuanzia walikuwa wanaume watupu. Si kwamba wanawake hawakuwapo katika mchezo huo. Walikuwapo, na walikuwa wakishindana Ulaya na Marekani, ila ratiba ya Athens haikuwawekea hata shindano moja. Wakangoja miaka minne. Beijing 2008 ikawafungulia mlango, tena kwa nyufa: mashindano mawili tu, mbio za barabarani na mbio dhidi ya saa, huku madaraja yote matatu ya ulemavu ya wakati ule, A, B na C, yakitiwa kapu moja.

Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa sana baiskeli ya mkono ni kitu gani. Wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovuka mpaka kwenda Gisenyi na kurudi wameitumia miaka mingi kubebea mizigo. Ile ya mashindano ni binamu yake aliyekonda. Ina magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na mwendeshaji hulala chali karibu usawa wa lami, miguu ikiwa imetangulizwa mbele, kichwa kimeinuliwa kiasi cha kuona barabara. Pedeli ziko juu ya kifua, na mikono yote miwili huzinyonga kwa pamoja, si kwa kupokezana kama miguu ifanyavyo. Gia na breki ziko palepale mikononi. Kwa kuwa aliyelala hawezi kugeuka kutazama nyuma, hufungiwa kioo kidogo, kwenye kofia au kwenye baiskeli yenyewe. Wenye nguvu za kiwiliwili wana mtindo wao: hupiga magoti na kuusukuma mwili mzima mbele katika kila mzunguko wa pedeli.

Tofauti hiyo ya nguvu za mwili ndiyo iliyozaa madaraja. Tangu 2014 yako matano. H1 ni la waliopooza zaidi, ambao hata mikono yao haina nguvu kamili. H5 ni la wanaopiga magoti. Kati ya ncha hizo mbili pana umbali mkubwa mno, na katika historia ya wanawake umbali huo umekuwa chanzo cha manung'uniko yasiyokwisha.

Beijing iliwatoa mabingwa wa kwanza. Mwingereza Rachel Morris alitwaa dhahabu ya mbio dhidi ya saa, naye Mjerumani Andrea Eskau akatwaa ile ya barabarani. Mholanzi Monique van der Vorst aliambulia fedha katika yote mawili. Eskau alikuwa amepooza mwaka 1998 baada ya ajali ya baiskeli ya kawaida akiwa njiani kwenda chuo kikuu. Aliyeangushwa na baiskeli akarudi kuitawala. London alichukua dhahabu mbili, Rio 2016 akaongeza nyingine, na kando ya hayo akashinda dhahabu za kuteleza kwenye theluji huko Sochi na PyeongChang.

London 2012 ndiyo iliyoacha picha isiyosahaulika. Mashindano yalifanyika Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari katika jimbo la Kent, na barabara za vijiji vinavyouzunguka. Katika mbio za barabarani za H1 hadi H3 (kwa madaraja ya wakati ule), Wamarekani Marianna Davis na Monica Bascio walikwishajihakikishia dhahabu na fedha. Ikabaki shaba, na waliokuwa wakiiwania ni Waingereza wawili, Morris na Karen Darke. Badala ya kuchuana hadi pumzi ya mwisho, walishikana mikono na kuvuka mstari pamoja, wakitaka medali igawanywe. Waamuzi hawakutaka kusikia. Picha ya mstarini ikachunguzwa, Morris akapewa shaba, Darke akaandikwa wa nne. Kisheria waamuzi hawakukosea, maana kazi yao ilikuwa kupanga wa tatu na wa nne. Hata hivyo, wengi wanaozikumbuka mbio zile wanawakumbuka wale wawili kabla ya aliyeshinda.

Jambo hilo halimtendei haki Davis. Alikuwa kijana wa kuteleza kwenye theluji huko Idaho alipovunjika uti wa mgongo mazoezini mwaka 1989, akashinda medali za Paralimpiki za majira ya baridi, kisha akaja London na kuondoka na dhahabu tatu, mojawapo ya mbio za kupokezana ambamo wanawake na wanaume huunda timu moja.

Huyu naye si wa pekee. Wanawake wengi wa mchezo huu wametoka kwingine, au wamekwenda kwingine. Morris aliugeukia mchezo wa makasia na kushinda dhahabu Rio. Darke, aliyepooza baada ya kuanguka akipanda miamba huko Scotland, alipata dhahabu yake ya baiskeli Rio hiyohiyo. Mjerumani Annika Zeyen alikuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu London, akaja kushinda mbio dhidi ya saa Tokyo. Hapohapo Tokyo, mbio za barabarani za H1 hadi H4 zilichukuliwa na Mholanzi Jennette Jansen, ambaye medali zake za riadha alizipata Seoul mwaka 1988!

Kisha kuna Oksana Masters. Alizaliwa Ukraine mwaka 1989 na ulemavu unaohusishwa na mionzi ya Chernobyl, akalelewa katika vituo vya yatima hadi mama Mmarekani alipomchukua. Miguu yote miwili ilikatwa kabla hajatimiza miaka 15. Alianza na makasia, akaenda kwenye theluji, na kwenye baiskeli ameshinda dhahabu mbili Tokyo na mbili Paris.

Paris 2024 ilionyesha pia pale penye kidonda. Katika mbio dhidi ya saa za H1 hadi H3, muda wa kila mmoja hurekebishwa kulingana na daraja lake, na Mmarekani Katerina Brim wa H2 akampiku Mwaustralia Lauren Parker wa H3. Mbio za barabarani hazina marekebisho hayo: wa kwanza kufika ndiye mshindi. Parker, aliyekuwa ameshashinda na triathloni, akazishinda zile za H1 hadi H4. Mwanamke wa H1 au H2 aliyejipanga naye siku ile alikuwa msindikizaji tu.

Wanaume wa baiskeli za mikono waligombea dhahabu 9 za mtu mmoja mmoja mjini Paris. Wanawake waligombea 4. Utetezi wa siku zote ni kwamba wanawake ni wachache, hasa katika madaraja ya chini. Ni kweli ni wachache. Lakini hakuna anayejinoa miaka minne kwa ajili ya mbio ambazo ratiba yenyewe imeshamnyima ushindi, na madaraja hayo yasipotenganishwa, uchache huo utaendelea kutumiwa kama sababu ya kutoyatenganisha.